Mgombea Anayechaguliwa kwa Miguu

Sababu ya safari yangu ilikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Zawadi, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, ambao alilia ndani yake mara mbili, mara zote kwa hasira. "Salma, nyumba yangu imekuwa vyama viwili," alisema. "Njoo utusuluhishe. Ukishindwa, basi upike wewe, maana mimi simpikii tena mtu wa Gavana."

Zawadi ni ndugu yangu ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Uvira wakati wa vita, wakapanga vyumba viwili kwenye ua wetu pale Mwanga, Kigoma, na tangu siku hiyo tulikaa dawati moja, tukala sahani moja na kuambukizana chawa bila ubaguzi. Baadaye aliolewa na Déo, kijana wa kwao, wakapata nafasi ya kwenda Ubelgiji. Mimi nilibaki kufundisha somo la uraia.

Na hapo ndipo safari iliponivutia zaidi ya usuluhishi. Chama chao cha huko kwao, ambacho sikitaji jina kwa kuwa napenda kuishi kwa amani, kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais. Kila tawi, hata yale ya ughaibuni, lilitakiwa kukaa kikao na kutuma mjumbe mmoja kwenye mkutano mkuu. Nimefundisha uraia miaka ishirini. Naweza kuchora ubaoni bunge, mahakama na tume ya uchaguzi nikiwa nimefumba macho. Lakini mwanafunzi akiuliza chama kinampataje mgombea wake kabla hatujamwona kwenye mabango, huwa nasema "chama hukaa kikao," kisha nafuta ubao haraka. Nilitaka kwenda kuona hicho kikao kinakaaje.

Kutoka Kigoma nilipanda treni hadi Dar es Salaam, nikiwa na koti la kuazima na mfuko wa dagaa uliofungwa mara nne ili usinitangaze. Haukufungwa vya kutosha. Kwenye ndege, jirani yangu, bwana mmoja mnyamavu, alinusa, akanitazama, akageukia dirisha, na alibaki amegeukia dirisha hata giza lilipoingia.

Uwanja wa ndege wa Brussels nilipokewa na watu wawili waliosimama mbali mbali kama hawajuani. Zawadi alinikumbatia kwanza. Alipomaliza akasogea, na Déo akaja kunikumbatia kwa zamu yake. Ndani ya gari niliketishwa mbele, nikagundua mara moja kwamba nimepewa kazi ya ukarani.

"Salma, mwambie shemeji yako apite njia ya chini, huku kuna foleni," alisema Zawadi kutoka nyuma.

"Shemeji," alisema Déo, macho yakiwa barabarani, "mwambie ule mwanamuke, njia ya chini iko na travaux."

"Amesema kuna ujenzi," nilimwambia Zawadi.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Mwambie."

Nilianza kumkumbuka jirani yangu wa kwenye ndege.

Jette, wanakoishi, ni mtaa wa watu wanaofua mapazia. Zawadi anahudumia wagonjwa kwenye ile hospitali kubwa ya chuo kikuu, na Déo anasambaza mikate kwa gari, kwa hiyo mmoja hutoka mwingine akiwa bado amelala, na ndoa yao ingeweza kudumu vizuri kwa ratiba hiyo peke yake. Ila siasa zilikuwa zimepanda hadi mezani. Waliotaka kugombea walikuwa watatu: Gavana wa zamani, Profesa mmoja, na mama mwanasheria ambaye wote walimwita Wakili. Déo alikuwa kapteni wa Gavana, yaani mtu wa kumkusanyia watu. Zawadi alikuwa kapteni wa Wakili.

Déo akirudi kazini alivua viatu akashika simu. Nilimsikiliza siku nzima nikichambua mchele. "Maman Béa, bonjour! Goti inaendelea aje? Bon. Sasa, weye unataka nini kwa ile chama, unieleze, mi niko hapa kukusikiliza." Alimpigia kila mtu, akamuuliza kila mtu, kwa sauti tamu ambayo ungeweza kuipaka kwenye mkate wake. Nilimsifu kwa Zawadi, tukiwa jikoni. Kosa kubwa.

"Ni kweli anauliza watu," alisema Zawadi, kisu kikishuka juu ya kitunguu. "Unajua mimi aliniulizaje? Sikiliza. Tulikuwa kwenye harusi. Tonton Célestin, mwenyekiti wa tawi, akamwuliza, Déo, una watu wangapi? Akajibu: na miye na bibi yangu, deux, bawili, tunaanzia pale. Mimi nimekaa hapo hapo na soda yangu. Alinihesabu kama kiti, Salma! Kesho yake nikaenda kuchukua kona ya Wakili, niwakusanye watu wake."

"Kwa hiyo humpendi huyo Wakili?"

"Nilianza kwa hasira. Halafu nikamsikiliza anavyoongea juu ya hospitali zetu, nikampenda kweli." Alifuta macho, na safari hii kitunguu kilisaidia kusingizia. "Nataka kona yangu isimame. Isimame mbele yake, aione. Basi."

Jumamosi Déo alinichukua twende Chaussée d'Ixelles, barabara ya maduka inayoanzia Porte de Namur, kununua suti. Alikuwa na hakika kwamba kona yake itashinda na yeye ndiye atakayetumwa kwenye mkutano mkuu. Tulipita kati ya saluni na maduka ya vitenge, kila hatua tano akisimama kusalimia mtu, na kila salamu ilikuwa na Gavana ndani yake.

Dukani alivaa ya bluu, akavaa ya kijivu. "Shemeji, unaonaje? Ile ya bleu ao ile ya gris?"

"Ya bluu," nilisema. "Imekukaa."

"Merci, shemeji." Akanunua ya kijivu.

Hapo nilianza kumwelewa Zawadi kwa undani.

Jumapili mchana tulikwenda Saint-Gilles, mwendo mfupi kutoka stesheni ya treni ya Gare du Midi, ambako nyumba ndefu za kizamani zimegawanywa vyumba vyumba na kila kengele ya mlango ina majina ya nchi tatu. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa nyuma ya jengo moja, ukumbi wenye baridi, uliokuwa na kipasha joto kimoja tu kwenye pembe ya kushoto. Nilipewa kiti cha mgeni karibu na mlango. Nilitafuta kwa macho sanduku la kura. Sikuliona. Nilitafuta karatasi. Sikuziona pia.

Tonton Célestin, aliyeendesha tramu hadi alipostaafu, aliona ninavyotazama, akaja kunieleza. "Mwalimu, sanduku tulishaka kuliona kule kwetu. Linaingia na karatasi ya huyu, linatoka na karatasi ya yule. Donc, hapa tunachagua na muguu. Muguu ya muntu hauibiwi."

Utaratibu wenyewe, ndugu zangu wa nyumbani, ni huu, nami nauandika kwa sababu sitafuta tena ubao. Kila mwenye kutaka kugombea anapewa kona. Wanachama wanakwenda kusimama kwenye kona ya wampendaye, mchana kweupe, mbele ya mkwe na mwenye nyumba. Mwenyekiti anapiga makofi, na makofi yakipigwa, mguu wako ulipo ndipo kura yako ilipo. Kona isiyofikisha mmoja kati ya watano wa waliohudhuria inavunjwa. Walioko kwenye kona zilizopona wanafungiwa humo, hawatoki. Wa kona iliyovunjwa wanakuwa huru, na wenzao wanaruhusiwa kuja kuwabembeleza. Kisha makofi ya pili, kona kubwa inashinda, na mjumbe anatoka ndani yake.

Wanachama walikuwa hamsini na tisa. Kwa hiyo kona ilihitaji kumi na wawili ipone.

Kona ya Gavana ilikuwa ile ya kipasha joto. Déo aliwahi mapema kuichagua, na sikuweza kumlaumu. Ya Profesa ilikuwa chini ya saa ya ukutani, ikiongozwa na kapteni wake Patrick, mfamasia kijana mwenye miwani na Kifaransa kilichopigwa pasi. Ya Zawadi ilikuwa karibu na makoti. Nilihesabu watu wake kwa kidole ndani ya mfuko: kumi na watatu pamoja naye mwenyewe, wengi wao wanawake wa hospitali na wa usafi, na wazee wawili waliosema Wakili aliwahi kumtetea mpwa wao. Kumi na watatu! Zawadi alinitazama kutoka kule, akainua kidevu. Nami nikainua changu, ingawa mgeni hakutakiwa kuinua chochote.

Tonton Célestin alikuwa ameshainua mikono yake apige makofi, mlango ukafunguliwa. Akaingia Maman Koko, mwanachama wa sitini.

Maman Koko alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote mle ukumbini. Nusu ya wanawake wale aliwapokea walipofika Ubelgiji, akawalaza sebuleni kwake, akawafundisha kupanda tramu na kuvaa soksi mbili. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga wiki chache nyuma na hakuna aliyemtarajia. Akaingia na fimbo yake, akalalamikia baridi kwa sauti, akaenda moja kwa moja kukaa palipo na kipasha joto. Yaani kona ya Gavana. Sidhani hata alijua ni kona ya nani.

Ukumbi mzima ulipiga kelele za furaha. Na wasichana wawili wa kona ya Zawadi, ndugu wawili waliolelewa na yule mama, wakaona haya. Mtu aliyekulea ameketi, nawe umesimama na makoti humsalimii? Wakavuka ukumbi. Na salamu za watu wale si za kupungia mkono. Kwanza mabusu matatu ya shavuni. Halafu nyonga. Halafu daktari wa nyonga. Halafu watoto, mmoja mmoja kwa jina, na habari za Bukavu, na aliyefiwa, na aliyezaa. Wasichana wale walipiga magoti, wakamshika mikono, wakawa wamefika kwenye mtoto wa tatu wakati mwenyekiti, ambaye mikono yake ilikuwa imechoka kuning'inia hewani, alipopiga makofi.

"Tunahesabu!"

"Tonton, ngoja!" Zawadi alipiga kelele. "Wale wangu banasalimia tu!"

"Muguu, Maman Zawadi. Règlement, sheria yetu, ni muguu."

"Sasa unataka basimusalimie?"

Swali hilo lilimkata mwenyekiti maini. Alimtazama Maman Koko, akatazama mikono yake mwenyewe. Hakuna mtu mle ndani aliyeweza kusema wasichana wale walikosea kwenda kusalimia, na hakuna aliyeweza kusema makofi hayakupigwa. "Heshima ni heshima," alisema hatimaye, "na makofi ni makofi."

Wakahesabu. Gavana, pamoja na Maman Koko na wasichana wawili waliokuwa bado wamepiga magoti, ishirini na watano. Profesa ishirini na wanne. Wakili onze. Kumi na mmoja.

Zawadi alinitazama. Kati ya kiti changu na kona yake palikuwa na hatua mbili. Sikuwa na kadi ya chama, sikuwa na haki, nilikuwa na miguu miwili mizima tu, na naapa ule wa kulia uliniwasha. Nikaukalia.

Kona ya Zawadi ikavunjwa. Alisimama karibu na yale makoti, mikono kifuani, midomo imebana, na nilimwona tena yule mtoto wa dawati letu aliyenyimwa namba moja kwa alama moja. Niliumia sana. Lakini hapo hapo jambo likaanza kudhihirika ukumbini, kama harufu ya dagaa wangu kwenye ndege: ishirini na watano, ishirini na wanne, na katikati watu kumi na mmoja huru, na ukumbi wote unamtazama mwanamke mmoja. Kona yake ilikuwa imekufa, na yeye ndiye aliyekuwa ameshika uchaguzi.

Patrick alifika wa kwanza. Aliongea vizuri mno. Aliahidi nafasi kwenye kamati ya wanawake, kamati ya utamaduni, na kamati nyingine ambayo nadhani aliiunda akiwa njiani kuja.

"Na mjumbe wa kwenda kwa congrès?" Zawadi aliuliza.

"Ah, ça, maman, hiyo tulishamaliza kuamua."

"Aksanti, Patrick. Rudi kwa saa yako."

Ikabaki zamu ya Déo. Alivuka ukumbi akiwa amevaa ile suti ya kijivu, na kila mtu alijua ni suti ya nini. Hawakuwa wamesemeshana wiki nzima isipokuwa kupitia mdomo wangu. Alinitupia jicho pale mlangoni. Nikatazama dari. Karani alikuwa likizo.

"Zawadi," alisema. "Bon. Ilishakwisha. Kuya huku kwetu, na batu bako."

Wanawake wa makoti waliguna kwa pamoja.

Déo alibadilisha miguu. "Unajua Gouverneur atatengeneza barabara ya Uvira. Utapitaka wapi ukienda kuona mama?"

Maman Béa, yule wa goti, ambaye alisimama nyuma ya Zawadi, alishindwa kuvumilia. "Eh, Papa Déo! Miye ulinipigiaka simu kila siku, 'Maman Béa, unataka nini?' Na huyu hana telefone?"

Ukumbi ulicheka mpaka Maman Koko akauliza kumetokea nini, akaelezwa, akaanza kucheka peke yake. Déo naye alijaribu kucheka, kicheko kikaishia njiani. Alifunga kifungo cha suti, akakifungua. Jasho lilimtoka, na kule kwenye makoti hakukuwa na joto.

"Zawadi," alisema polepole, "unataka nini?"

Naamini wengi walidhani lile ni swali la siasa.

"Nataka niende miye kwa congrès," alijibu. "Kura ya kwanza ni ya Gouverneur, parole, naahidi. Wakibakia bawili, ile ya pili nachagua miye mwenyewe. Na hapana kunihesabu tena kama sijasema."

Déo aliinama, akatazama suruali yake ya kijivu, mkunjo wake bado mpya. Alikuwa ameitaka safari ile, na ilionekana usoni. Kule chini ya saa, Patrick alikuwa tayari anaanza kutabasamu. Déo akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje kwa majirani: "Mujumbe wetu ni Maman Zawadi!"

Kabla ya kuvuka, Zawadi aliwakusanya watu wake kati ya makoti, akawauliza mmoja mmoja kama wanakubali. Mzee mmoja alikataa, akaenda kwa Profesa, na Zawadi hakumnunia. Wengine tisa walivuka naye, wakakaa palipo na joto. Makofi ya pili yalipigwa, kona ya Gavana ikashinda. Baada ya hapo ndipo sahani za sambusa zilipotoka, na wasichana wale wawili walimaliza salamu zao.

Siku ya kuondoka kwangu, mume na mke walinisindikiza pamoja, mimi nimewekwa nyuma na masanduku, wao mbele wakibishana njia ya juu na njia ya chini moja kwa moja, bila mkalimani. Déo alikuwa amevaa suti. Duka lilikataa kuirudisha. "Kila siku nitaivaa, shemeji," alisema, "ata kwa mikate."

Nyumbani Kigoma nimekwishawafundisha kidato cha pili kikao cha chama. Nilisogeza madawati, nikawapa kona, na somo likaisha kwa ugomvi wa furaha hadi mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Wanafunzi waliniuliza mengi juu ya kona na makofi. Nilichojifunza mimi sikujua nikiandikeje ubaoni, mpaka Zawadi aliponipigia kutoka kwenye mkutano mkuu.

Gavana na Wakili walikuwa wamebaki wawili. Kura ya kwanza alikuwa ameshaitoa kama alivyoahidi, na ya pili ilikuwa yake. Wajumbe walipewa muda mfupi wa kutafakari, naye alikuwa amesimama kwenye ujia, simu ikaita. Déo. Alipokea akijiandaa kuambiwa amchague nani.

"Akaniuliza hivi, Salma: 'Na sasa, Zawadi, weye unaonaje?' Basi. Akanyamaza."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilimwambia simu inakatika-katika, aniulize tena."

"Ilikuwa inakatika?"

"Wala," alisema Zawadi. "Ilikuwa safi kabisa."